Masikio ya Fundi Zisis

Ndege ndio waliotangulia kumpotea Zisis Karavidas. Asubuhi moja ya mwezi Mei mkewe, Areti, alimwambia asikilize chiriku walivyochachamaa kwenye mlimau wa uani. Akatega sikio, asisikie kitu ila redio ya jirani. "Kweli wamechachamaa," akaitikia, akaendelea na kahawa yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Akajisemea kuwa ndege si hoja. Mkate wake hautoki kwa ndege.

Mkate wake, hata hivyo, ulitoka masikioni. Miaka thelathini na sita alikuwa akijenga injini za magari ya mashindano katika karakana yake ya Nea Ionia, mjini Volos. Watu walimjia kutoka Larisa, Trikala, hata Thesaloniki, kwa sababu moja tu: husimama kando ya injini inayonguruma, akafumba macho, akasema, "Silinda ya pili, vali imebana mno," na wakifungua wanakuta ndivyo. Sasa sauti nyembamba zilianza kumtoka moja baada ya nyingine. Ulikwenda mlio wa mkanda, ukafuata ule wa vali, kisha ule mgogoto hafifu wa petroli inayolipuka kabla ya wakati wake. Sauti nene zilibaki.

Akajifunza hila. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa wa taya, akasikia kwa mifupa yale ambayo masikio hayakumletea. Alisoma rangi ya plagi za injini kama mganga anayesoma ulimi wa mgonjwa. Alimuuliza dereva wake Rizos maswali ya kuzungukazunguka, "Leo umeionaje huko juu?", kisha majibu ya Rizos akayafanya yake. Ikapita miaka miwili hivyo. Hakumwambia mtu. Nani angempelekea injini fundi kiziwi?

Zisis alikuwa na mtoto mmoja, Vaia, wa miaka ishirini na tisa. Vaia alisomea uhandisi Thesaloniki, akarudi kufanya kazi na baba yake, wakaelewana miaka minne. Kilichowatenganisha ni turbo, kile kipulizo kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuishindilia hewa kwa nguvu. Mteja mmoja aliitaka, Vaia akakubali, Zisis akakataa.

"Injini iliyojengwa vizuri inavuta pumzi yake yenyewe," alimwambia siku hiyo. "Haihitaji kulishwa kwa kijiko kama mgonjwa."

"Baba, hewa ni hewa. Injini haijui kama imevuta au imesukumiwa."

"Mimi najua."

Mwezi haukuisha, Vaia akakodi karakana yake upande wa viwandani. Hawakugombana tena, maana kila Jumapili alikuja kula kwao, na Areti alikuwa ameweka sheria: mezani pasitajwe injini mpaka matunda yaletwe.

Mwaka ule Vaia alijiandikisha kwa mara ya kwanza katika shindano la mafundi linalofanyika kila Septemba kwenye mlima Pilio. Kombe la pale ni la fundi, si la dereva. Injini isizidi lita moja na nukta sita. Ukiweka turbo, ujazo wako unazidishwa kwa moja nukta saba, kwa hiyo mwenye turbo hulazimika kuja na injini ndogo isiyofika hata lita moja. Jumamosi injini hupimwa nguvu na kutiwa lakiri, asije mtu akabadilisha chochote. Jumapili magari hupanda mlima kilomita nne, mara mbili, na muda bora ndio unaohesabiwa. Anayevunja lakiri huongezewa sekunde tano. Zisis alikuwa amelichukua kombe hilo mara sita.

Jumapili moja ya Agosti walikuwa wamemaliza mbuzi wa oveni na viazi. Areti akaweka tikiti mezani.

"Tikiti limefika," Vaia akasema. "Sasa naruhusiwa?"

"Sema, maana naona linakutoka puani," Areti akajibu.

"Yangu imewaka jana. Silinda tatu, ndogo kama ya pikipiki. Baba, njoo uione kabla haijakuaibisha."

Zisis alikata kipande cha tikiti bila haraka. "Nitaiona kwenye kioo cha nyuma, pale Rizos atakapotazama. Hiyo yako ukiikanyaga kwenye kona inaita kikao kwanza. Wajumbe wakae, wajadili, ndipo ije nguvu. Yangu naigusa, inaitika."

"Yako chini ya mizunguko elfu sita hata mama anaipita na kikapu cha soko."

"Mniache mimi," Areti akasema. "Na wewe Zisis, nimekuomba chumvi mara tatu."

Zisis akampa chumvi, akacheka ili kuficha. Vaia alimtazama babake kitambo, kisha akageukia tikiti lake.

Injini ya Zisis ilimchukua majira yote ya baridi. Kichwa cha silinda alikisaga kwa mkono wiki kumi na moja, akipanua njia za hewa unywele kwa unywele, akizipima kwa kidole cha shahada mpaka kila moja ikawa laini kama ndani ya kikombe. Pistoni alizichagua zenye vichwa vilivyoinuka, zibane hewa mpaka mwisho wa uvumilivu wa petroli. Kila vali aliitia springi mbili, moja ndani ya nyingine, zihimili mizunguko elfu tisa. Alipoiwasha Julai alitembeza bisibisi kila mahali, na taya lake likamwambia kuwa mambo ni shwari. Lakini hakuna anayeweza kuinamia injini kwa bisibisi ikiwa kwenye mizunguko elfu tisa. Huko juu palihitaji masikio.

Jumamosi ya kupima ilikuwa na jua kali. Mashine ya kupimia iliwekwa kwenye uwanja wa shule chini ya mlima, mahema ya mafundi yameizunguka. Gari dogo la Vaia lilipanda kwanza. Turbo ilipiga mluzi ambao watu wote waliuinulia vichwa na Zisis hakuusikia kabisa. Alichosikia ni mngurumo wa chini tu, mzito na mfupi. Ubao ukaandika nguvu ya farasi mia mbili thelathini na saba.

"Mzee!" alipaza sauti Tolis, fundi wa Larisa mwenye tumbo na maneno mengi. "Kale kainjini ka kusagia kahawa kametoa mia mbili thelathini na saba! Bado unavuta kwa mapafu tu?"

"Wewe unayehema mdomo wazi ukipanda ngazi tatu tu usizungumzie mapafu," Zisis alijibu, na watu wakacheka.

Ikafika zamu yake. Rizos, ambaye siku za kawaida ni mwokaji mikate na ni rafiki yake tangu jeshini, aliliingiza gari kwenye rola za mashine, akavaa helmeti, akakanyaga. Injini ilipanda. Elfu tano, elfu sita, elfu saba na nusu, na Zisis akiwa ameweka kiganja kwenye bodi aliihisi ikikusanya nguvu kama mtu anayepanda ngazi bila kuhema. Ilipovuka elfu nane na mia tatu alimwona Vaia, aliyekuwa kando ya uwanja, akigeuza kichwa ghafla. Rizos akaachia. Farasi mia mbili ishirini na moja. Bila turbo, kwa ujazo ule, ni nyingi; uwanja mzima ulipiga makofi.

Mwamuzi alifunga waya kwenye mfuniko wa vali, akagonga lakiri ya risasi. Vaia akaja akikimbia kidogo.

"Baba, umeisikia?"

"Nimesikia nini?"

"Huko juu, mwishoni. Kitu kinalialia, kama sarafu mfukoni. Vali moja haifungi kwa wakati."

Watu walikuwa karibu, Tolis akiwa mbele yao. Zisis akatikisa kichwa. "Ni rola za mashine hizo."

"Si rola. Usimpandishe mtu mlimani na hiyo. Au mwambie asivuke elfu nane."

"Ahaa," Tolis akasema. "Binti anataka mzee apunguze mbio. Mjanja huyu!"

Zisis akatazama uso wa bintiye, akatazama nyuso za watu, akachagua watu. "Nilikuwa nasikiliza injini kabla mama yako hajakuzaa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kasikilize kipulizo chako. Mimi hunidanganyi kwa ujanja wa kitoto."

Vaia akaondoka kwa hatua za haraka.

Ndani ya hema Zisis alikaa juu ya sanduku la spana, karatasi ya vipimo mkononi. Mstari wa nguvu ulipanda vizuri kama kilima, ila karibu na kilele, pale pale elfu nane na mia tatu, ulitetemeka. Ni kidogo tu, kama kalamu ya mzee.

"Rizos, ulisikia kitu?"

"Na helmeti ile? Ndugu yangu, mimi nasikia moyo wangu tu." Rizos alikuwa anatafuna mkate wa jibini. "Kwani wewe si ulikuwa pale? Umesikia nini?"

Zisis aliikunja karatasi. Alikuwa anaifikiria kona ya tisa ya mlimani, ile yenye ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande mwingine. Rizos hufika pale na gia ya nne, injini ikiwa juu kabisa. Vali ikikatika na kudondoka ndani, pistoni inaigonga, injini inakwama, magurudumu ya mbele yanafunga. Rizos ana wajukuu watatu. Na anapanda kwa sababu Zisis amesema injini ni nzima, na Zisis amesema ni nzima kwa sababu hakusikia kitu, na sasa aliyakiri moyoni yale aliyoyakwepa miaka miwili: kutosikia kwake hakuthibitishi chochote.

Akasimama, akavuka uwanja. Vaia alikuwa chini ya gari lake, miguu ikionekana.

"Vaia."

"Nipo kazini."

"Hiyo sauti. Ilikuwaje?"

"Umesema hakuna."

"Nakuuliza wewe, mwanangu."

Miguu ilitulia. Vaia akajivuta nje, uso umepakaa oili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko Zisis alivyopenda. "Baba, mluzi wa turbo yangu uliusikia?"

"Sikuusikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tangu mwaka juzi. Walianza ndege."

Vaia alikaa kitako kwenye lami. "Mama anajua?"

"Mama yako anadhani simsikilizi makusudi."

Vaia alitaka kucheka, kicheko kikaharibika njiani, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilihisi kuna kitu," alisema. "Ile siku ya chumvi. Ila nikasema, ah, baba na kiburi chake." Akanyanyuka. "Twende tukaifungue."

"Ukinisaidia utasemwa."

"Wacha waseme. Twende."

Mwamuzi aliwauliza mara mbili kama wana hakika, maana waya ukishakatwa haurudi. Zisis alikata mwenyewe. Tolis na wengine kadhaa walisogea kutazama. Mfuniko ulipotoka, Vaia aliingiza tochi na kuonyesha kwa kidole: silinda ya tatu, vali ya moshi. Springi ya nje ilikuwa nzima, imesimama kwa heshima. Ya ndani ilikuwa imekatika vipande viwili, vimeumana kama meno.

Rizos alichungulia juu ya bega la Zisis, akaacha kutafuna. "Hiyo ndiyo ningepanda nayo?"

"Hiyo hiyo."

"Mama yangu," Rizos akasema, akaenda kukaa mbali kidogo.

Kwenye sanduku la Zisis kulikuwa na springi za akiba. Ili vali isidondoke ndani ya silinda wakati springi haipo, Zisis alitoa plagi, akasokomeza kamba ya pamba kwenye tundu lake, kisha akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaibana kamba dhidi ya vali. Vaia alikuwa ameisoma mbinu hiyo lakini hajawahi kuiona. Alishika taa, Zisis akashughulika na vidole vyake ambavyo bado vilijua kila kitu. Walipomaliza aliiwasha, akapandisha mizunguko hatua kwa hatua huku akimtazama Vaia usoni badala ya kutazama injini. Elfu nane. Elfu nane na nusu. Vaia alifumba macho, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Safi," alisema. "Inaimba, laana yake."

Jumapili asubuhi barabara ilikuwa kavu. Vaia, ambaye huendesha mwenyewe, alipanda kwa dakika mbili, sekunde tisa na nukta moja. Tolis alifika kwa mbili na kumi na nukta nne. Kisha Rizos akapanda, na watu waliokaa kwenye kuta za kona ya tisa walisimulia baadaye kuwa hawakumwona akiachia mafuta hata mara moja. Saa ya kileleni ilimpa dakika mbili, sekunde sita na nukta nane. Hakuna aliyewahi kupanda mlima ule kwa muda huo katika shindano lile. Ukiongeza sekunde tano za lakiri inakuwa mbili na kumi na moja na nukta nane. Mchana ikanyesha, raundi ya pili ikawa ya kuteleza tu, hakuna aliyeboresha muda wake. Vaia wa kwanza, Tolis wa pili, Zisis wa tatu.

Kombe lilitolewa uwanjani, chini ya turubai, mvua ikipiga juu. Vaia alipolipokea makofi yalikuwa machache. Tolis hakujaribu kupunguza sauti.

"Kombe la familia hilo. Mzee angeshinda kwa sekunde mbili na zaidi, akavunja lakiri yake mwenyewe. Sasa mimi nauliza, kuna fundi hapa anayevunja lakiri bila sababu? Karavidas, miaka yote, hasikii springi iliyokatika mpaka binti aje amnong'oneze? Mchezo umepangwa nyumbani, juu ya meza ya chakula."

Minong'ono ikaenea. Zisis hakuyapata maneno yote, ila aliusoma uso wa Vaia. Alikuwa amelishika kombe kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa wizi. Ndipo akamgeukia Rizos. "Kasema nini?"

Rizos akayarudia maneno hayo sikioni mwake, neno kwa neno.

Zisis alisogea mbele. Hakuwa msemaji, na kwa kuwa hakujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani, alipaza mno.

"Tolis anauliza kwa nini sikusikia. Swali zuri. Sikusikia kwa sababu sisikii. Masikio yangu yameondoka, miaka miwili sasa, na wengine mmeniletea injini muda huo nami nikawaficha. Kwa hilo nawaomba radhi. Injini zenu nilizikagua kwa mikono na kwa macho, na hakuna niliyoitoa bila kuridhika. Ila jana kuna kitu nilishindwa kukisikia, na huyu akakisikia akiwa upande wa pili wa uwanja, akaja kuniambia ilhali alijua akinyamaza gari langu litaharibika na kombe litakuwa lake. Nikamtukana mbele yenu. Bila yeye Rizos leo angekuwa wapi, sijui. Na hata bila hayo, amepanda mlima na injini isiyofika lita moja akampita Tolis mwenye lita moja na nukta sita. Sasa pigeni makofi au nendeni mkanywe."

 Rizos alianza kupiga makofi kwa viganja vyake vya mwokaji, vikubwa na vya kelele. Wengine wakafuata. Tolis naye, baada ya kuangalia kulia na kushoto, alipiga mara tatu nne. Baadaye kwenye mkahawa alituma meza ya Zisis chupa ya tsipuro, ile pombe kali ya zabibu, na sahani ya kamba wa kuchoma, bila maneno.

Areti alipoambiwa hakulia wala hakumkumbatia. "Miaka miwili," alisema, "miaka miwili napiga kelele nyumba nzima nikidhani nimeolewa na mtu mwenye dharau. Kesho tunakwenda kwa daktari, na nitaingia na wewe ndani."

Daktari alimpa vifaa viwili vidogo vya kuvaa nyuma ya masikio. Zisis alilalamika wiki tatu mfululizo kuwa sahani zinapiga makelele, magazeti yanapiga makelele, na mkewe anatafuna. Karakanani alivivua, kwa sababu mashine ya upepo ilimchoma kichwa kama msumari.

Wateja watatu walikuja kuchukua injini zao kwa adabu, wakitoa visingizio vilivyofanana. Wa nne, mzee mmoja wa Trikala, aliiacha yake. "Mimi mwenyewe sisikii, bwana," alisema, "kwa hiyo hatutagombana." Siku za Jumanne na Ijumaa, injini ikiwa tayari kuwashwa, Vaia alikuja kuisikiliza, na Zisis akawaambia wenye injini wazi kuwa sikio ni la binti na mkono ni wa baba. Wengine walirudi kwa sababu hiyo hiyo. Kuhusu turbo hawakukubaliana.

Novemba, siku ambayo haikuwa Jumanne wala Ijumaa, Vaia alisimama mlangoni pa karakana na mikono mfukoni.

"Nataka unisagie njia za hewa kwenye kichwa changu cha silinda," alisema.

Zisis alivaa kifaa kimoja, amsikie sawasawa. "Za nini? Si unaisukumizia hewa? Hata ikikuta ukuta itapita."

"Ikipita vizuri sihitaji kuisukuma sana. Nikipunguza kusukuma, joto linapungua, nguvu inakuja mapema. Kikao kinakuwa kifupi, kama unavyosema wewe."

Zisis alifikiri. Alitafuta kosa katika maneno hayo, akayazungusha huku na huku kama pistoni mpya mkononi, asilione. "Kwa hiyo injini yako nayo inataka kuvuta pumzi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Kilete Jumatatu."

"Kipo kwenye gari. Kizito, njoo tushikane."

Zisis akatupa kitambaa mezani, wakatoka nje pamoja.